Nyengo Iliyogeuzwa Upanga

Mama alipotangulia mbele ya haki na arobaini yake ikapita, ndugu waligawana kanga, masufuria na kitanda. Mimi niliomba nyengo. Walinitazama kidogo, kisha wakanipa, maana hakuna mwingine aliyeitaka. Sasa imetungikwa kwenye ukuta wa chumba changu cha kushonea hapa Magomeni, kati ya kalenda na sare za shule ambazo wenyewe hawajazifuata. Wateja wanaokuja kupimwa huiangalia wakaniuliza kwa nini ina tundu karibu na ncha. Wanaoijua nyengo huuliza zaidi, kwa sababu nyengo ya kwetu ni chuma cha kufyekea chenye mpini, kimepinda mbele kama mdomo wa kasuku, na hii yangu imenyooka. Huwa nawajibu kwamba tundu ni la kutungikia. Si uongo, kwa kuwa inatungikwa kwa tundu hilohilo. Ila halikutobolewa kwa kazi hiyo. Nililitobolesha mimi, nikiwa na miaka kumi na mmoja, ili lipige mluzi.

Wiki kama tatu zilizopita niliishusha nikaipitishia tupa. Nilikuwa na sababu yangu, nitaieleza. Ile harufu ya chuma kilichokwaruzwa, kali kidogo, inayokaa kwenye vidole hata ukishanawa, ilinishika pale nilipokaa. Niliacha kunoa nikakaa na tupa mapajani kwa muda mrefu, na mteja mmoja aliyeingia akadhani nimefiwa upya.

Tulikuwa tukiishi kijijini Ziwani, si mbali na mji huu, mimi na mama peke yetu. Baba alikuwa amevuka Ruvuma kwenda kutafuta maisha upande wa pili. Maisha akayapata, na mke akampata hukohuko, ndiyo ikawa imetoka hiyo. Mama hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Alikuwa na mikorosho thelathini na minane aliyoachiwa na bibi, na kwa miti hiyo tulikula, tukavaa, na mimi nikawa nasoma.

Tivii tuliyoijua sisi watoto ilikuwa moja, ya Bi Hadija mwenye duka, iliyotumia umeme wa sola. Alasiri, ukishateka maji ya kwenu, uliruhusiwa kukaa kwenye jamvi lake mradi unyamaze na usishike pazia. Ilikuwa ikionyeshwa tamthilia ya nchi za mbali, ya binti aliyekilinda kijiji chao kwa upanga. Sauti zote zilitiwa Kiswahili na mwanamume mmoja: ya binti, ya bibi yake, ya mfalme, na hata ya farasi. Upanga wenyewe ulikuwa umenyooka, una makali pande zote mbili, na karibu na ncha una tundu dogo. Binti akiuzungusha, upepo hupita tunduni na upanga hupiga mluzi. Wakisikia mluzi tu, maadui walikuwa wakianza kuanguka.

Mimi yule binti sikumpenda kwa uzuri wake, ingawa alikuwa mzuri. Nilimpenda kwa sababu alimaliza kazi. Pigo moja, watu watano chini. Hakuhema, hakuinama, wala kiuno hakikumuuma. Mama alikuwa akirudi shambani amejishika kiuno kwa mikono miwili, na mimi nilikuwa nikilinganisha.

Siku moja mama alipita kunichukua, akasimama dirishani pa Bi Hadija akatazama vita vizima, tangu mwanzo mpaka mwisho, mtungi kichwani. Njiani akaniuliza.

"Somoe, yule binti wa kwenye tivii, nani anamnolea?"

"Kumnolea nini?"

"Huo upanga. Kakata watu toka Jumatatu, sijamwona hata siku moja ameshika tupa."

"Haunolewi, mama. Upanga wake haupotezi makali."

Mama alicheka mpaka maji yakamwagika kwenye mtungi. "Ana bahati," akasema. Mimi niliona hajaelewa tamthilia.

Mwaka huohuo gogo la kuni lilimwangukia mguuni, mfupa ukavunjika. Hospitali ya mjini walimfunga plasta ngumu toka kwenye vidole mpaka karibu na goti, wakamwambia akae. Ukimwambia mkulima akae wakati majani yanaota chini ya mikorosho, hujamtibu. Korosho ikiiva hudondoka yenyewe. Kama chini ya mti ni pachafu, hutaiona, itaozea majanini au itabebwa na panya. Ndiyo maana kwetu kufyeka ni nusu ya kuvuna.

Na katika ukoo wetu kulikuwa na kanuni juu ya hilo. Miti ya bibi ilikuwa ya binti zake, lakini mti haukukaa bure. Msimu usiofyeka, korosho za msimu huo humwendea ndugu aliyekufyekea. Ukishindwa misimu miwili mfululizo, miti yenyewe inahama pamoja na korosho zake, na hairudi. Mama alikuwa ameshindwa msimu uliopita, kwa sababu alikuwa akimuuguza bibi mpaka bibi akafa. Huu ulikuwa wa pili. Kule Madimba alikuwako mama mkubwa, mwenye vijana wanne wenye mikono kama mipini, na kila mtu alijua miti itakwenda wapi.

Msimamizi wa haya yote alikuwa Mjomba Issa, kaka yake mama. Alikuja jioni moja akaketi barazani, kofia amepakata. Mimi nilikuwa nachambua kisamvu pembeni.

"Zuhura, mimi sikufukuzi," akasema. "Lakini nikukinge kwa lipi? Mwaka jana watu walinyamaza kwa sababu ya mama yetu. Mwaka huu wataniuliza."

"Patafyekwa, kaka."

"Na nani?"

Mama aliutazama mguu wake. Nilisubiri aseme neno, na alipochelewa nikalisema mimi.

"Na mimi, mjomba."

Mjomba alinigeukia. Hakuwa mtu mbaya, nataka ieleweke, ingawa siku ile nilimwona ndiye adui hasa, yule anayekuja na farasi. Alicheka kidogo puani. "Ntoto huyu?" Kisha akaona sicheki. "Haya. Korosho za kwanza zikianza kudondoka nitakuja kuangalia."

Alipoondoka mama aliniambia niendelee na kisamvu. Hakuniambia kwamba nimesema upuuzi, na mimi nikachukulia kwamba tumekubaliana.

Nilivyofikiri mimi, tatizo halikuwa mkono wangu. Tatizo lilikuwa chombo. Nyengo ya mama ilikuwa imepinda, ina makali upande mmoja tu, na inakulazimisha uiname siku nzima kwa mti mmoja. Ingekuwa imenyooka, ikakata ikienda na ikakata ikirudi, kazi ingekuwa nusu. Nilipiga hesabu hizo kitandani nikaona hazina kasoro. Asubuhi nikamwambia mama kwamba mpini wa nyengo unacheza, naipeleka kwa fundi. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza mkubwa, na niliutoa bila kupepesa jicho.

Fundi Ausi alikuwa mhunzi, mtu wa maneno mengi na nyusi zilizoungua. Nilimchorea upanga chini kwa kijiti, nikaweka na tundu.

"Hiki chuma cha springi ya lori," akasema, akiigonga nyengo ya mama kwa kucha. "Nikikinyoosha hiki, kinakata mpaka kivuli. Umetumwa na mama yako?"

"Ndiyo."

"Na hili tundu la nini?"

"La mluzi."

Alinitazama, akatazama mchoro, na nadhani naye alikuwa na hamu ya kutengeneza kitu kisichokuwa jembe. "Na kunoa je?" nikamuuliza. Akasema kunoa ni shida ya wenye vyuma vya dukani. Kwa malipo nilimvukutia moto siku mbili, mpaka macho yakawa mekundu. Nilipopewa kile chuma kikiwa kimenyooka, kinang'aa pande zote mbili na tundu lake limekaa sawasawa, sikuhisi ninamwibia mtu. Nilihisi nimeiokoa nyumba.

Sikurudi nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja shambani nikasimama mbele ya mti wa kwanza, mguu mmoja mbele, kama nilivyofundishwa na jamvi la Bi Hadija. Nilizungusha. Mluzi ulitoka, si mkubwa, lakini ulitoka, na mpaka leo siwezi kusema kwamba haukunifurahisha. Vichwa vya majani viliruka. Nilizungusha tena na tena, nikarudi nyuma kutazama. Majani yalikuwa yamekatwa usawa wa kiuno changu, na chini yalikuwa palepale. Nikainama kidogo. Majani yakalala, chuma kikapita juu yake. Nilivuta kwa nguvu ili kikate kikirudi, kama nilivyopanga kitandani. Kikarudi kweli, kikakata, ila kilichokatwa kilikuwa muundi wa mguu wangu.

Yule binti alikuwa akivaa viatu virefu vya ngozi. Sikuwa nimelitilia maanani hilo.

Niliufunga mguu kwa pindo la kanga nikarudi nyumbani nikichechemea, nikamkuta mama naye kwenye kigoda na plasta yake. Tulikuwa watu wawili na miguu miwili mizima. Nilimwekea kile chuma mbele yake nikangoja. Alikiinua, akakigeuza, akachungulia kwenye tundu. Nilijiandaa kwa hasira kubwa kuliko zote nilizowahi kumtia.

"Mluzi umepiga?" akauliza.

"Kidogo."

"Haya." Aliosha kidonda changu kwa maji ya chumvi, nami nikajikaza kisabuni nisilie. Alipomaliza kufunga alisema, "Nyengo nyingine hatuna, Somoe. Utafyeka kwa hiihii."

Sikuelewa kwamba ningeweza kuambiwa hivyo. Nilidhani atasema basi, yameisha, miti iende Madimba. Badala yake aliniagiza jiwe, akayaua makali ya upande mmoja kwa kuyasugua mpaka ukipitisha kidole hakichubuki. Upande huo akauzungushia mpira wa baiskeli, akaukaza kwa uzi wa kushonea magunia. Aliutoa ule mpini mfupi wa kishujaa aliotia Fundi Ausi, akatia mrefu. Kisha akaniambia nikamkatie tawi la mpera lenye pembe, akalichonga likawa kigoe, fimbo yenye kulabu mwishoni. Nyengo iliyopinda hujivutia majani yenyewe kwa ule mdomo wake. Yangu ilikuwa haina mdomo tena, basi mdomo ukawa mkono wa kushoto.

Alinifundisha pale uani, yeye amekaa, mimi nimesimama mbele ya majani ya ukingo.

"Vuta kwa kigoe. Yakikaza, ndiyo ukate. Chini, chini zaidi. Nkono wa kushoto ndio unaofanya kazi, wa kulia unafuata."

"Kwenye tivii anatumia mmoja."

"Kwenye tivii hakuna majani."

Shule zilikuwa zimefungwa. Nilianza siku ya pili, kidonda kikiwa bado kibichi, na sikukosa hata siku moja. Nikumbukapo zile wiki, hazinijii kwa mpangilio, zinanijia kwa mwili. Upupu shingoni. Maji moto, wale siafu wekundu wa mikorosho, wakishuka kwenye nywele na kuuma kope. Salfa waliyokuwa wakipuliza majirani kwenye miti yao, ikiletwa na upepo na kukaa kooni. Mikono ilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine juu yake. Siku nyingine nilimaliza mti mmoja, siku nyingine miwili. Jioni nilikuwa nikihesabu kwa kufunga fundo kwenye kamba, na mama alikuwa akiyashika mafundo bila kuyahesabu kwa sauti.

Na jambo moja lilinitia nguvu kuliko ugali. Fundi Ausi hakunidanganya. Kila asubuhi nilipoichukua nyengo msumarini, ilikuwa imetungikwa kwa lile tundu, na ilikuwa kali. Jioni ilikuwa ikikwama kwenye majani, lakini nilijua huo ni mkono wangu ndio umechoka. Chuma kikilala usiku kinaamka na makali yake, kama upanga wa yule binti. Mpini niliunyenyekea. Nilifika mahali nikawa naisalimia nyengo kabla ya kuianza kazi, na mtu akinicheka leo namruhusu.

Mti wa ishirini na tisa ulipokwisha, mama alitakiwa arudi mjini kuangaliwa mguu. Alipakiwa kwenye pikipiki ya jirani, akaenda kulala Magomeni kwa shangazi siku mbili. Bi Hadija akaja kulala na mimi.

Siku ya kwanza nilifyeka mti mmoja kwa shida. Siku ya pili chuma hakikuingia kabisa. Nilivuta kwa kigoe, majani yakakaza kama inavyotakiwa, nikapiga, yakalala tu. Nikapiga mpaka bega likapwita. Nilifikiri upanga umenikasirikia kwa sababu nilijigamba kwa wenzangu. Nikafikiri labda ni ule mpira, unauziba pumzi. Nikaufungua mpira, nikaizungusha nyengo nisikie kama mluzi bado upo. Ulikuwapo. Makali hayakuwapo. Nilikaa chini ya mkorosho nikalia kwa sauti, kwa kuwa hakukuwa na mtu, na kwa kuwa korosho za kwanza zilikuwa zimeshaanza kubadilika rangi juu yangu.

Nilirudi nyumbani mchana, nikazunguka nyuma kwenda kunawa. Kigoda cha mama kilikuwa pale alipopenda kukaa, ukutani kunakotazama mashariki. Pembeni ya kigoda kulikuwa na unga chini. Mweusi, una chembe zinazong'aa. Nilidhani ni majivu. Nilipochukua kidogo kwa vidole nikasikia ile harufu, nikajua si majivu. Ulikuwa mwingi. Haukuwa unga wa siku moja. Nikapeleka mkono kwenye makuti juu ya kigoda, mahali mtu aliyekaa anaweza kufika bila kusimama, nikatoa tupa.

Basi nikaelewa yote kwa mara moja, nikiwa nimesimama pale na tupa mkononi. Alikuwa akiamka kabla ya adhana ya alfajiri, na ule mguu, akijivuta kwa kitako kupita mlangoni ili gongo lisigonge na kuniamsha. Alikuwa akinoa gizani, kisha akiitungika msumarini ili niikute. Na mimi nilikuwa nikikishukuru chuma. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na ndani ya ile aibu nilimpenda mama yangu kwa namna iliyouma.

Sikunawa. Nilikaa kwenye kigoda chake nikaanza kunoa. Nilinoa vibaya, nikajikata vidole viwili, nikaendelea. Mama aliporudi kesho yake, plasta imefunguliwa, mguu umekuwa mwembamba na mweupe, alinikuta hapohapo. Alisimama na gongo lake akanitazama, akatazama tupa. Kila mmoja alijua mwenzake anajua.

"Sukuma, usivute," akasema. "Tupa inakula ikienda tu."

Hayo tu. Akaingia ndani kuvua baibui.

Tangu siku hiyo nilinoa mwenyewe. Miti minane ya mwisho niliifyeka kwa siku nne, na mjomba alipokuja, kamba yangu ilikuwa na mafundo thelathini na manane.

Mjomba alikuwa na namna yake ya kupima shamba, aliyoirithi kwa wajomba zake. Hakutembea akitazama. Aliokota korosho saba, akasimama katikati ya shamba, akafumba macho, akazirusha moja moja kila upande huku akizunguka. Kisha akakaa kwenye gogo. "Ziokote," akasema. "Usiiname kutafuta. Tafuta umesimama, uiname kuokota."

Mama alikuwa ameegemea gongo pembeni. Nilizunguka. Niliokota sita. Ya saba nilipita huku na huku mpaka kivuli cha miti kikasogea. Mwishowe mjomba aliinuka, akaenda nyuma ya shina moja nene, upande wa bondeni, akafunua majani kwa mguu. Ilikuwa hapo. Nilikuwa nimefyeka upande unaoonekana kutoka njiani, na nyuma ya mashina ya bondeni nilikuwa nimepapasa tu.

"Miti mingapi haina mgongo?" mjomba akaniuliza.

Sikutaka kusema, nikasema. "Kumi na moja."

Alimtazama mama. Mama hakuniombea, hakusema ni mtoto. Alisema, "Kaka, tupe mpaka Ijumaa." Mjomba akavaa kofia yake. Zilikuwa siku tatu. Nilirudi kwa ile miti kumi na moja, nikaanza na nyuma.

Ijumaa baada ya swala alirusha tena saba. Niliokota saba, nikazipanga kwenye kiganja chake. Alizihesabu mara mbili. Kisha akaichukua nyengo yangu, akashangaa tundu, akashangaa mpira, akapitisha kidole gumba kwenye makali polepole. Alisimama nayo muda mrefu kuliko alivyosimama na korosho.

"Makali haya," akasema. "Nani kakunolea?"

Watu walikuwapo: mjomba, Bi Hadija aliyekuja kushuhudia, na kijana mmoja wa mama mkubwa aliyetumwa kutoka Madimba. Wote walikuwa wakinitazama. Nikajibu, "Mwenyewe, mjomba."

Mama aliinamisha uso, akajifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Nilijua anacheka. Aliniachia sifa yote, nikaibeba mbele ya watu mpaka nyumbani, na miti ikabaki.

Miti ile ndiyo iliyonisomesha, ikaninunulia cherehani ya kwanza. Mama aliendelea kuitumia nyengo ileile, na mpira wake, na kigoe mkono wa kushoto, kwa miaka yote. Fundi Ausi alitaka kuipinda tena bure, kwa kuona haya, mama akakataa. Aliniambia ameshaizoea. Mara nyingi nilipokwenda Ziwani nilikuwa nikisema moyoni kwamba leo nitalisema lile neno, nitamwambia kwamba siku ile nilipaswa kujibu vingine. Nilikuwa nikiona nitakuja kulisema tu, tuna muda. Tukaongea ya mvua na ya majirani.

Msimu uliopita hakufyeka, kwa kuwa alikuwa kitandani na mimi nilikuwa pembeni ya kitanda. Wiki tatu zilizopita Mjomba Issa alinipigia simu. Ni mzee sana sasa, macho yameshaingia ukungu, lakini sauti ni ileile.

"Somoe, mama yako hayupo. Huu ni msimu wa pili. Watu wananiuliza."

"Patafyekwa, mjomba."

"Na nani? Wewe wa mjini, kazi yako sindano."

"Na mimi."

Ndiyo sababu ya kuishusha nyengo ukutani. Niliwaambia wateja wanivumilie, nikafunga chumba, nikaenda Ziwani na tupa mpya kwenye mkoba. Nilikaa siku kumi na tisa. Niliamka kabla ya adhana, nikaketi ukutani kunakotazama mashariki, nikanoa gizani kwa kusukuma, bila kuvuta. Kigoe nilikikuta kwenye makuti, kimelainika pale alipokuwa akishika. Kila mti nilianza nyuma ya shina. Kiuno kiliniuma mpaka nikalala kifudifudi, na mikono ya mshonaji ilitoka malengelenge kama ya mtoto.

Jana mjomba aliletwa shambani ameshikwa mkono. Hakuhitaji kufumba macho. Alizirusha saba, akakaa kwenye gogo akasikiliza nyayo zangu. Nilimrudishia moja moja kiganjani, naye akazihesabu kwa kidole: sita, na ya saba, iliyokuwa imelala upande wa bondeni, nyuma ya lile shina nene, peupe kabisa.

Akanyoosha mkono, nikampa nyengo. Aliupapasa mpira, akalipata tundu, akatabasamu. Kisha akapitisha kidole gumba kwenye makali, polepole, kama siku ile.

"Makali haya, nani kakunolea?"

"Mama," nikasema.

Mjomba alitikisa kichwa kukubali, akanirudishia nyengo.